Kiumbe wa Maji ya Chumvi Asiyehitaji Kutiwa Chumvi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya wiki: Ayubu 12:7–10, Ayubu 13:7–9, Ayubu 42:7.

Kuna ujumbe unaopenda kuzunguka kwenye makundi ya maombi kuhusu kamba mmoja wa baharini. Eti ngumi yake ina kasi ya risasi. Eti akipiga, maji yanachemka kwa joto la jua. Eti anaona rangi mara nne ya zile tuzionazo sisi. Chini yake huandikwa kwamba Mungu ni mkuu, kisha unaombwa uwatumie watu kumi kabla ya saa sita usiku. Kwamba Mungu ni mkuu hatuna ubishi. Ila katika hayo matatu, la kwanza ni nusu kweli, la pili ni habari ya mnyama mwingine, na la tatu lilipopimwa maabara lilikutwa karibu kinyume chake.

Sura ya 12 ya Ayubu ina maneno tunayopenda kuyasoma siku ya mavuno: waulize wanyama nao watakufundisha, na samaki wa baharini watakusimulia. Tatizo letu ni kufunga kitabu hapo. Hotuba ya Ayubu haijaisha. Inaendelea moja kwa moja hadi sura inayofuata, na kwenye mstari wa 7 anawageukia rafiki zake na kuwauliza kama wanataka kumsemea Mungu kwa udanganyifu. Mstari wa 9 unauma zaidi: je, Mungu akiwachunguza ninyi wenyewe, itakuwa heri? Elifazi, Bildadi na Sofari hawakuwa wapinga Mungu. Walikuwa watetezi wake, tena wenye bidii. Ukifika 42:7 unakuta hasira ya Bwana imewaka juu ya hao watetezi.

Basi wiki hii tumuulize huyo kamba, kisha tumsikilize anachosema yeye.

Jina kwanza. Tunamwita hapa kamba vunjajungu, kwa sababu mikono yake ya mbele hukunjwa kifuani kama ya yule mdudu wa kijani tunayemwona shambani, anayesimama kama mtu anayeomba. Si kamba hasa wala si mdudu: ana ukoo wake peke yake, wenye aina zaidi ya 400. Wazee walisema ukimgusa vunjajungu, chombo utakachoshika baada ya hapo kitavunjika. Ushirikina, ndiyo, lakini kwa huyu wa baharini jina limemkaa sawasawa. Mwaka 1998, huko Great Yarmouth nchini Uingereza, mmoja aliyekuwa amepewa jina la Tyson alipasua kioo cha tangi lake, kioo cha unene wa milimita 6 hivi. Haitokei mara kwa mara. Kinachowakuta zaidi wafugaji wa samaki wa mapambo ni kuamka asubuhi na kukuta konokono na kaa wameisha.

Sisi wa Moshi na Arusha tuko mbali naye. Samaki wetu ni sato na dagaa, na bahari iliyo karibu ni ya Tanga, ushuke Same, Mombo, Segera. Lakini si mgeni nchini. Yule anayejulikana zaidi, Odontodactylus scyllarus, makazi yake yanaanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka kisiwa cha Guam kule Pasifiki. Mwili una kijani cha tausi, miguu ina wekundu wa chungwa, ubavuni ana madoa kama ya chui. Mkubwa hufika sentimita 18. Hachezi juu ya matumbawe yenyewe. Huchimba shimo lenye umbo la U pembeni mwake, kwenye mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe, na mchana unaweza kumkuta ametoa macho tu mlangoni.

Wamegawanyika makundi mawili makubwa, na mtu wa Arusha hahitaji kufafanuliwa sana: kuna wa mkuki na kuna wa rungu. Wa mkuki hujificha mchangani na kuchoma samaki wanaopita. Wa rungu huvunja konokono, kaa na chaza. Huyu wa madoa ni wa rungu, na habari zote za ngumi zinamhusu yeye na jamaa zake. Wa mkuki wana mwendo mdogo zaidi.

Sasa tuone ngumi inavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu.

Msuli peke yake hauwezi kuleta kasi ile. Kwa hiyo kazi imegawanywa: polepole kwanza, ghafla baadaye. Anayeujua mtego wa fimbo anaelewa mara moja. Kijana hukunja mti mbichi taratibu, akautegesha kwa kijiti. Nguvu yote aliyoitumia imekaa kwenye ule mti uliopinda, na kwale akigusa kijiti inatoka kwa mpigo mmoja, kwa kasi ambayo mkono wa kijana usingeiweza. Kamba vunjajungu ana mtego huo ndani ya mkono. Anapoukunja, vipande viwili vidogo vya gamba vilivyoshikamana na msuli wa kukunja vinafunga kama komeo. Kisha msuli mkubwa wa kukunjua unaanza kuvuta, komeo likiwa bado limefungwa, hivyo rungu halisogei. Kinachopinda ni gamba la mkono wenyewe, na sehemu mojawapo yake ina umbo la tandiko la punda: limeinama huku na kuinuka kule. Umbo hilo lina sababu. Bamba tambarare gumu kiasi hicho likikunjwa lingepasuka. Tandiko hugawa mkazo sehemu zote. Komeo likilegea, gamba linarudi, kipande chenye umbo la V kinazungushwa mbele, na rungu linatoka.

Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha vipimo vyake. Kamera ya simu inayochukua picha 30 kwa sekunde haioni kitu, kwa sababu pigo zima huisha ndani ya milisekunde 3 hivi, yaani picha moja ya simu ina nafasi ya mapigo kumi. Walihitaji kamera ya maelfu ya picha kwa sekunde. Kasi ya juu waliyoipata ni mita 14 hadi 23 kwa sekunde.

Piga hesabu. Mita 23 kwa sekunde ni kilomita 83 kwa saa, mwendo wa basi la Moshi–Arusha kabla halijakutana na askari. Risasi hata ya bunduki ndogo hupita mita 300 kwa sekunde. Kwa hiyo "kasi ya risasi" si kweli. Kinachokaribia risasi ni mchapuko, yaani jinsi kasi inavyopanda kutoka sifuri: walipima hadi mita 104,000 kwa sekunde kila sekunde, zaidi ya mara 10,000 ya mchapuko wa embe linaloanguka mtini. Mtu alisoma neno mchapuko, akaandika kasi, na wengine wakatuma. Kosa ni la neno moja. Na tazama: lile basi linahitaji muda gani kutoka stendi mpaka kufikia mwendo wake? Huyu anaufikia ndani ya maji, ambayo ni mazito kuliko hewa mara mia nane, kabla hujamaliza kupepesa jicho. Ukweli haukupungua uzito.

Rungu linapogonga, nguvu iliyopimwa mwaka 2005 ilikuwa kati ya nyutoni 400 na 1,500. Hiyo ya juu ni kama uzito wa magunia matatu ya kilo 50, kutoka kwa mnyama anayelala kwenye kiganja. Halafu kuna pigo la pili ambalo hakulipiga yeye. Rungu linaposogea haraka hivyo, shinikizo la maji hushuka ghafla mahali pale, maji yanageuka mvuke na kufanya viputo. Viputo hivyo vikiporomoka vinapiga. Konokono hupigwa na rungu, na baada ya chini ya nusu ya milisekunde hupigwa tena na maji. Nguvu ya pigo hilo la pili kwa wastani ni nusu ya lile la kwanza. Ana marungu mawili, kwa hiyo mashambulizi mawili yanaweza kuwa mapigo manne.

Hapa ndipo habari ya joto la jua ilipoingilia, na imeingia nyumba isiyo yake. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba kamba mdogo mwingine, yule mwenye gando moja kubwa linaloalika kama vidole, hutoa kiputo ambacho kikiporomoka huwa na joto la nyuzi 5,000 za Kelvin au zaidi, na mmweko mdogo wa mwanga. Uso wa jua ni kama 5,800. Kwa hiyo kipimo ni cha kweli, ila mwenyewe ni jirani. Tena kiputo chenyewe ni kidogo mno na joto hilo hudumu kitambo kisichohesabika. Hakuna bahari inayochemka. Kumpa mmoja karama ya mwingine, hata kanisani huwa kunaleta maneno.

Walimu wa Shule ya Jumapili huuliza kama nguvu ya viputo inaweza kuonyeshwa. Inaweza, lakini si mbele ya watoto wadogo. Chupa ya kioo hujazwa maji, ukabaki upenyo wa vidole vitatu juu, hushikwa shingoni, na mdomo wake hupigwa kwa kiganja. Chupa inashuka ghafla, maji yanachelewa, viputo vinatokea chini na kuporomoka, kitako kinakatika. Anayefanya awe mtu mzima, avae glovu nene, afanyie ndani ya ndoo, nje ya nyumba. Ukitumia soda itakushinda, kwa sababu gesi iliyomo hujaa kwenye viputo na kuwa kama godoro. Maji matupu ndiyo yanayovunja.

Na tukiwa kwenye mishindo ya majini, tuseme hili kwa ufupi. Pwani yetu imeumizwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mshindo mmoja unaua samaki wakubwa kwa wadogo na kuacha matumbawe yamekuwa kokoto, na kokoto zinazoviringika na mawimbi haziruhusu matumbawe machanga kushika. Rungu la huyu mdogo huvunja gamba la konokono mmoja, mwenye nyumba akala, basi. Anayenunua samaki aliyeshuka na gari la usiku kutoka pwani ana haki ya kuuliza alivuliwaje. Samaki wa baruti nyama yake hulegea na uti hupasuka ndani hata kama ngozi ni nzima.

Sasa swali ambalo lingemjia fundi yeyote: nyundo inayopiga namna hiyo mbona haivunjiki? Tabaka la nje la rungu ni haidroksiapataiti, jamii ileile ya madini ya jino la binadamu. (Wenyeji wa Arusha, ambao floraidi ya maji imetuachia meno ya kahawia, tunayajua madini hayo kuliko tulivyopenda.) Ugumu peke yake ungekuwa hasara, kwa sababu kitu kigumu sana hupasuka mara moja kama kigae. Chini yake kuna tabaka laini kidogo, la nyuzi za kitini (dutu inayojenga magamba ya kaa na wadudu) zilizopangwa shiti juu ya shiti, kila shiti limegeuzwa kidogo kuliko lililo chini yake, kama ngazi ya kuzunguka. Ufa ukianza, hauwezi kunyooka; unalazimika kuzunguka pamoja na nyuzi, na unachoka njiani. Mwaka 2025 kundi la watafiti lilionyesha jambo la ziada: mpangilio huohuo huchuja baadhi ya mawimbi ya mtikisiko yenye masafa ya juu, yasifike kwenye nyama ya mnyama mwenyewe. Wahandisi wanauiga mpangilio huo kutengeneza vifaa visivyopasuka kwa urahisi.

Pamoja na hayo rungu huchakaa. Uso wake hupata mashimo na michubuko. Dawa yake ni kujivua gamba zima, rungu likiwemo, na kuota jipya. Siku hizo ni mbaya kwake. Gamba jipya ni laini, akipiga atajiumiza mwenyewe, kwa hiyo hujifungia shimoni. Akija jirani kutaka shimo, baadhi yao hutoka mlangoni na kutandaza mikono kama kawaida, kuonyesha silaha ambayo siku hiyo haifanyi kazi. Roy Caldwell wa Berkeley na mwenzake waliliandika jambo hili wakichunguza aina ndogo ya bahari ya Karibi. Wageni wengi huamini na kuondoka. Wengine hawaamini, na hapo mwenye shimo hana la kufanya.

Mhubiri angependa sana kusimama hapo dakika arobaini. Tunaomba asiharakishe. Mnyama anayejitutumua kulinda shimo lake hatendi dhambi, na hakuumbwa awe mfano wa mtumishi mnafiki. Vivyo hivyo habari ya ndoa: ni kweli baadhi ya wale wa mkuki huishi dume na jike shimo moja kwa miaka, ila aina nyingine nyingi hukutana na kuachana siku ileile. Ukitaka kufundisha ndoa kwa kamba, utalazimika kuwaficha waumini wale wengine, na hapo umekwisha kuwa Sofari.

La ugomvi wao ndilo zuri, tena halihitaji kutiwa kitu. Wawili wa rungu wakigombana, mara nyingi hawapigani kichwani. Mmoja hujikunja na kuweka mbele bamba la mkia, mwenzake analigonga, kisha wanabadilishana. Bamba hilo limetengenezwa kupokea: Patek na Jennifer Taylor walipima wakakuta linapoteza karibu asilimia 69 ya nishati ya pigo. Wenye silaha za kuuana wanapimana nguvu bila kuuana, na mara nyingi mmoja anaondoka akiwa mzima.

Twende kwenye macho. Jicho la kila upande husogea peke yake juu ya kikonyo chake. Limegawanyika sehemu tatu, juu, chini, na mkanda wa katikati wenye mistari sita ya vijicho vidogo. Mistari minne ya kwanza ya mkanda ni ya rangi, na ndani yake kuna aina 12 za vipokezi, vikiwemo vya urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Sisi tuna aina 3. Kutokana na hesabu hiyo watu wakasema: basi anaona ulimwengu wa rangi tusioweza hata kuuwaza.

Mwaka 2014 watafiti, akiwemo Justin Marshall wa Chuo Kikuu cha Queensland, walimuuliza mwenyewe. Aina moja ndogo, Haptosquilla trispinosa, ilifundishwa kwamba rangi fulani ina chakula, kisha ikapewa rangi hiyo na nyingine inayokaribiana nayo. Rangi zilipotofautiana kwa chini ya nanomita 12 hadi 25 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), walianza kukosea. Binadamu hutofautisha nanomita 1 hadi 4. Kwa maneno ya sokoni, mama anayechagua vitenge anayetenganisha manjano ya ndizi mbivu na manjano ya embe anamshinda huyu mwenye vipokezi 12. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba ubongo wake haulinganishi rangi kama wetu. Jicho linapita juu ya kitu na kusoma moja kwa moja ni rangi ipi. Anapoteza uchambuzi, anapata wepesi. Kwa anayeishi karibu na wenye marungu, wepesi si kitu kidogo.

Alichopewa yeye na sisi tukanyimwa kiko kwenye mistari miwili ya mwisho. Mwanga ni mtikisiko, na mtikisiko una mwelekeo: wima, mlalo, au wa kuzunguka kama parafujo. Nyuki huona mwelekeo ulionyooka. Mwaka 2008 ilithibitishwa kwamba kamba vunjajungu hutambua hata ule wa kuzunguka. Anautumia kwa mambo ya nyumbani. Aina moja, Gonodactylaceus falcatus, ikipewa mashimo mawili huliepuka lile linalotoa mwanga huo, kwa kuwa miili yao huuakisi, na maana yake ni kwamba ndani kuna mwenyewe. Ni hodi isiyo na sauti.

Hili mnaweza kulionja kwenye jumuiya. Leteni simu na miwani ya jua ya polaraizi, yaani ile inayochuja mwanga kwa mwelekeo wake. Washeni simu iwe na mwanga mwingi, mtazame kioo chake kupitia miwani, kisha mzungushe simu taratibu robo mzunguko. Simu nyingi zitafifia au kuwa nyeusi kabisa, na mkiendelea kuzungusha mwanga unarudi. Macho yenu hayakubadilika. Ule mwelekeo ulikuwepo muda wote. Isipofifia kuna sababu mbili. Ya kwanza, miwani ni ya kioo cheusi tu, kama nyingi za mtumba wa soko la Memorial. Ya pili, simu yenu ina karatasi ya ndani iliyowekwa makusudi kuzuia hilo. Jaribuni simu ya jirani. Jaribio hili linaonyesha mwelekeo ulionyooka tu. Ule wa kuzunguka, miwani hiyo haiutenganishi.

Jumuiya zitakaposoma wiki hii, someni Ayubu 12 na 13 kwa mfululizo, msomaji asisimame kwenye kichwa cha sura. Kisha kila mmoja afungue simu yake atafute ujumbe mmoja wa kusifu uumbaji aliowahi kuutuma, na jumuiya iuulize maswali matatu: ni mnyama gani hasa, wa aina ipi; kilichopimwa ni nini (kasi au mchapuko, joto la nini); na nani alipima. Ukikosa majibu, usitumwe tena. Aliyeutuma awaandikie wale watu kumi.

Wenye miwani ya polaraizi waje nayo Alhamisi.